Siku Tuliyoketi Kimya Mikumi

Kilosa, Jumapili baada ya ibada. Mvua inanyunya, inaacha, inanyunya tena, kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

Bwana asifiwe, ndugu yangu unayesoma hapa. Na wewe wa asalamu aleikum, pokea yako kwa mikono miwili, maana Kilosa hii tunaishi ukuta kwa ukuta na sikukuu tunalishana. U hali gani? Watoto hawajambo? Kile kifua ulichoniandikia kimepona? Kama umelima mwaka huu, mahindi yameshika? Mimi kwa mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio hautulii. Tangu jana jioni nakaa, nasimama, nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Na jikoni kwangu kuna kuku ambaye si wangu.

Nitakueleza, maana nisipoeleza nitafagia mpaka sakafu itoboke.

Mimi ni mlezi wa kwaya ya vijana ya kanisani kwetu. Mlezi si mwimbaji wala si mwalimu. Mlezi ni yule anayejua nani anaumwa koo, nani kanuniana na nani, sare ya nani imembana kifuani, na chai itatoka wapi. Darasa la saba langu linanitosha kabisa kwa kazi hiyo. Anayeongoza nyimbo katika kwaya hiyo ni Damari, binti yangu wa kwanza, anayefundisha chekechea kule Mikumi na kupanda basi kuja Kilosa kila mwisho wa wiki kwa ajili ya mazoezi na ibada.

Jana kwaya yetu iliiimbia nchi nzima.

Kuna lile shindano la kwaya la nchi hizi zetu za jirani. Kila nchi inatoa kwaya moja, wimbo mmoja. Sisi Watanzania tumeshiriki miaka mingi na hatujawahi kushinda. Sisemi hivyo kwa kuwasengenya wenzetu waliotangulia, nasema kwa sababu ndiyo historia yetu na kila mtu hapa anaijua kama anavyoijua njia ya kisimani. Hatujawahi hata kukaribia. Kila mwaka tunasafiri na sare mpya, tunarudi na maelezo.

Mume wangu ana msemo wake kuhusu jambo hilo. Yeye anaendesha lori la miwa kule Kidodi, msimu ukiwa umepamba moto tunaonana kwa simu tu. Anasema, "Wenzetu wana midundo, wengine wana sauti, sisi tuna sababu." Mara waamuzi hawajui Kiswahili cha ndani. Mara spika zilikuwa mbovu. Mara tumeibiwa. Hilo la kuibiwa ndilo analipenda zaidi, hulisema huku akicheka mpaka anakohoa.

Lakini wanaofuatilia wanajua tulichoponzwa nacho. Tumeponzwa na kutunza.

Unajua kwetu ilivyo. Mtu akiimba akakugusa, huwezi kubaki kwenye kiti kama umegandishwa. Unainuka. Unakwenda mbele unamfuta jasho kwa leso, unamvika kanga, unampa ulichonacho, hata kama ni yai. Na yeye aliyetunzwa hawezi kuukata wimbo wakati watu wamesimama mbele yake, atakuwa amewadharau. Kwa hiyo anarudia kiitikio. Watu wanaongezeka, anarudia tena. Hivyo ndivyo tulivyolelewa kanisani, hivyo ndivyo na wenzetu wa kaswida wanavyofanya, hivyo ndivyo harusi zinavyokwenda.

Shindano haliendi hivyo. Wimbo una muda wake, ukizidi unakatwa alama. Na mtu asiye mwanakwaya akikanyaga jukwaani, alama zinakatwa pia. Mara ya kwanza nilipolitazama shindano hilo kwa simu, kwaya yetu iliimba vizuri mpaka nikalia. Kisha mashabiki waliosafiri nao wakashuka kama maji ya mfereji. Mama mmoja alimfunga mwalimu wa kwaya kitenge kiunoni katikati ya wimbo, na mwalimu anapiga mapigo kwa mkono mmoja. Kengele ya muda ikalia, wao wako kwenye kiitikio cha tatu. Tulikuwa wa pili kutoka chini.

Baadaye wakaamua kwaya iende bila mashabiki. Tukawa wa mwisho. Tukakaa miaka tunabishana kwenye redio: mashabiki waende, wasiende? Jibu halikupatikana, na ushindi nao haukupatikana.

Mwaka huu wakabadili utaratibu. Waamuzi ndio wanaozunguka nchi kwa nchi, wanaisikiliza kila kwaya kwao, wanairekodi mara moja bila kukatakata. Na kwaya iliyochaguliwa kwa Tanzania ni yetu. Mikumi ndipo pakapangwa, kwa kuwa waamuzi walitaka mahali penye hoteli na barabara ya lami.

Fikiria sasa. Wenzetu walishindwa kuwazuia mashabiki waliopanda basi siku mbili. Sisi tunaimba nyumbani, mbele ya mama zetu.

Mwalimu Msafiri, anayeifundisha kwaya, ni kijana mpole wa kule milimani. Anaogopa vitu viwili tu, nyoka na historia. Ijumaa alituita wazazi na walezi kanisani akatusihi karibu kupiga magoti.

"Wazazi wangu, shikamooni. Nawaomba jambo moja. Kesho tuwe mawe."

"Mawe ya wapi, baba?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama yangu mzazi, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi. "Maana ya Mkondoa yanapiga kelele mto mzima."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema hakuna kuinuka, hakuna kwenda mbele. Mimi, kwa kuwa ndiye mlezi na nilitaka kumsaidia, nikasimama nikaongeza yangu. Nikasema hata makofi tusipige. Hata vigelegele. Hata kutikisa kichwa, maana mtu anaanza na kichwa, mabega yanafuata, mwishowe anajikuta yuko jukwaani na hajui kafikaje. Nilijua ninachosema. Mimi mwenyewe ndivyo huwa nafika.

Jirani yangu Mama Zuhura, ambaye hakosi shughuli yoyote ya Damari, akaninong'oneza, "Mimi Mwislamu, kanuni za kwaya hazinihusu."

"Zinakuhusu, wifi yangu. Na mtandio wako uufunge vizuri, tusije tukauona jukwaani bila mwenyewe."

Bibi alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Munisagara, nyuma ya bodaboda, amekaa upande kama alivyokaa kwenye baiskeli ya marehemu baba. Nilimpokea mlangoni. "Shikamoo mama." "Marahaba. Shika kuku." Ndivyo tulivyosalimiana. Kuku jike mwekundu, amefungwa miguu, na kwenye mfuko kulikuwa na doti ya kanga mpya. Bibi hasomi, alichagua kwa rangi. Nilipoikunjua nikakuta imeandikwa maneno makali ya kumpasha jirani mwenye wivu. Sikumwambia. Rangi yenyewe ni nzuri kweli, njano ya kiini cha yai.

Nilipomweleza kwamba mwaka huu hakuna kutunza, alimvuta kuku karibu na miguu yake.

"Basi tumtunze Damari kabla," nikasema. "Tumpe asubuhi kabla hajaimba."

"Unamsifu mpishi kabla hujaonja?"

"Mama, ni kanuni."

"Nimesikia. Nitakaa. Lakini kuku nakwenda naye."

Jana asubuhi tukapanda basi la kukodi. Tulipopita Ulaya, kile kijiji chetu cha njiani, Bibi akasema sasa na yeye anaweza kujivuna kwao kwamba amefika Ulaya na kuku wake. Tulicheka sana. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu ndicho cha mwisho.

Ukumbi ulikuwa kando ya barabara kuu. Viti vimevikwa nguo nyeupe kama bibi harusi. Waamuzi watatu mezani, kamera mbele yao. Nje malori yanapita, na hayo hakuna wa kuyakataza. Mimi nilikaa mstari wa mbele na Bibi kushoto kwangu, Mama Zuhura kulia kwangu, kuku chini ya kiti ndani ya kikapu.

Wakaanza.

Sijui nikuelezeje, ndugu yangu. Nimewasikia vijana wale kwenye mazoezi miezi yote, nimewapikia chai, najua ni nani huchelewa kuingia na ni nani hujifanya anaimba. Jana hakuchelewa mtu. Sauti ya nne ilikuwa chini kama ardhi na ya kwanza iko juu kama mvua inayokuja. Kisha wote wakashuka, Damari akabaki peke yake. Kuna mahali katika ubeti wa pili anaishusha sauti taratibu, taratibu, unafikiri inaisha, halafu inafunguka. Kwenye mazoezi, akifika hapo, hata mlinzi wa kanisa huacha lango.

Sisi tulikaa.

Mama Zuhura aliuma mtandio wake. Mkono wa Bibi ulikuwa ndani ya mkono wangu. Nyuma yetu kulikuwa na ukumbi mzima wa watu wa Kilosa na Mikumi, hakuna aliyepumua kwa sauti. Hata kuku alinyamaza.

Damari akatutazama. Alimtazama Bibi, akanitazama mimi. Na mimi, ndugu yangu, nilikuwa nimeukaza uso. Niliukaza kwa sababu nikiulegeza kidogo tu ningelia, na nikilia ningeinuka, na nikiinuka mimi mlezi, nani angebaki kwenye kiti? Nikamtazama mwanangu kama ninavyomtazama mtu wa kodi.

Akarudi tena kunitazama. Mara ya pili hiyo.

Sauti yake haikukatika. Nasema ukweli, haikukatika. Ilijifunga tu, kama mtu anavyofunga dirisha polepole kwa kuwa amehisi baridi. Akaimaliza sehemu yake sawasawa, wengine wakapokea, wimbo ukaisha ndani ya muda, jukwaa halikukanyagwa. Waamuzi wakaandika. Sisi kimya. Mwalimu Msafiri aligeuka akatupungia mkono, uso unang'aa, shati limelowa mgongoni. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu yote, Watanzania walikuwa wamekaa.

Nilitoka nje kumtafuta Damari. Wakaniambia ameshapanda bodaboda kwenda chumbani kwake, na sare yake mwilini.

Bibi hakuinuka kwenye kiti kwa muda. Nilipomfuata akasema, "Haya. Mtoto kaimba kama anaimbia ukuta. Mmeshinda nini sasa?"

Nikaenda kugawa chai. Kazi ya mlezi hiyo, haingoji moyo utulie. Mwamuzi mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuja na kikombe chake. Kiswahili chake cha kwao, lakini kizuri.

"Samahani, mama. Mmefiwa?"

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Nimesikia Watanzania ni watu wa kuinuka. Nilijiandaa. Au wimbo hamkuupenda?"

"Tumeupenda sana. Ni kanuni yenu tu, kwamba tusiende jukwaani."

Akanywa chai kidogo. "Jukwaani, ndiyo. Na kwenye viti vyenu ni nani aliyewakataza?"

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nikaitazama.

"Niliwakataza mimi," nikasema.

Mwamuzi hatakiwi kusema zaidi, na nadhani alikwisha kujutia hata hilo. Akachukua andazi, akanishukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki nikimimina chai kwenye kikombe ambacho kilikuwa kimejaa.

Hilo ndilo linalonifagisha sakafu leo. Kanuni ilikuwa ndogo kama mlango, sisi tukajenga ukuta mzima. Tuliogopa historia yetu mpaka tukasahau tulikuja kusikiliza. Hakuna mwamuzi aliyesema tusitabasamu. Ningeweza kumtabasamia mwanangu na alama isingekatwa hata moja.

Jana jioni nilimpigia Damari, hakupokea. Akatuma ujumbe. Ameandika, "Mama nisamehe, nimewaangusha. Kesho sitakuja kanisani. Mwalimu atafute mwingine wa kuongoza."

Nikamjibu haraka, vidole vinagongana. Nikamwambia umeimba vizuri, mwanangu, umeimba kuliko siku zote, tulikaa kwa sababu ya kanuni, na wewe kanuni uliijua.

Akajibu, "Kanuni niliijua. Lakini nilikuona uso, mama."

Basi. Hakuandika tena.

Nimemsoma mwanangu tangu anatambaa, lakini jambo hili sikulifikiria. Kwao wanakwaya, watu kuinuka ndiko kunakowaambia wamefika. Hawana kipimo kingine. Mtoto aliyeanza kuimba akiwa na meno ya utoto, kila alipoimba vizuri mtu aliinuka, na alipokosea watu walikaa wakamhurumia kimya kimya. Leo umwambie kwamba mara hii kukaa kimya ni heshima? Kichwa kitaelewa. Koo litaelewa lini?

Leo asubuhi wimbo ule aliuongoza binti mwingine, mgeni bado, sauti inampanda anapotakiwa kushuka. Na unajua nini kilitokea? Watu wakainuka. Kanisa zima. Nadhani tulikuwa tumebanwa tangu jana, tukafunguka kama mfereji uliozibuliwa. Walimfuta jasho ambalo hata lilikuwa halijatoka. Mzee mmoja wa kanisa alikwenda mara mbili. Na mimi niliinuka, Mungu ananiona, nikaenda mbele nikamvika yule binti kitambaa changu cha kichwa, na nikiwa pale mbele ndipo nikatambua nimefanya nini. Nilimtunza mtoto wa mwenzangu kwa wimbo uleule niliomnyima wangu.

Mchungaji alihubiri. Mungu anisamehe, sikumbuki alihubiri juu ya nini.

Bibi ameondoka mara baada ya ibada. Bodaboda yuleyule alikuja kumchukua. Nikamletea kikapu chake, akakisukuma kwa mkono.

"Kuku wa kutunza harudi nyumbani," akasema. "Akishatoka kwa ajili ya mtu, ni wa mtu huyo. Mfikishie mwenyewe."

"Mama, Mwalimu anasema tusubiri Jumanne, matokeo yakitoka tufanye sherehe moja, tuwatunze wote kwa pamoja."

Aliweka mguu mmoja kwenye kikanyagio cha pikipiki, akanigeukia. "Jumanne utakuwa unatunza matokeo. Mimi nilimletea mjukuu wangu."

Wakaondoka, matope yanaruka.

Matokeo yanatangazwa Jumanne, ndiyo. Nilimpigia baba yake Damari huko Kidodi kumweleza yote. Nyuma yake nilisikia malori yanaunguruma kwenye foleni ya miwa.

"Mlikaa?" akauliza.

"Tulikaa."

"Wote? Na mama yako?"

"Wote. Na kuku."

"Basi mwaka huu tunashinda," akasema, na nikamsikia anaanza kile kicheko chake. Halafu kikaishia njiani. "Na mtoto je?"

Nikamsomea ujumbe. Kisha akasema tusubiri Jumanne. Wakishinda, atajua mwenyewe kwamba aliimba vizuri, hatahitaji kuambiwa na mtu.

Hapo ndipo nilipoketi chini jikoni, kando ya kuku.

Maana wakishinda je? Wakishinda, kila mtu atasema, mnaona, dawa ilikuwa kukaa. Itakuwa ndiyo sheria yetu. Kila mwaka kila kwaya itakayoiimbia nchi hii itauimbia ukuta, na wajukuu zangu watafundishwa kwamba Kilosa ndiko ilikogunduliwa njia. Na aliyeigundua ni mimi. Na wasiposhinda? Wasiposhinda, baba yake atasema tumeibiwa, redio zitatafuta sababu, Mwalimu Msafiri atalaumu malori. Damari peke yake hatatafuta sababu. Atasema ni sauti yangu, nilijua tangu pale nilipomwona mama uso.

Nimepiga magoti leo mara nyingi, na kila mara nimeinuka sijaomba kitu. Nimwombe Mungu ushindi? Naitaka nchi yangu ishinde, sitakudanganya, nimeitaka miaka yote hiyo nikitazama kwenye kioo kidogo cha simu na kulia. Nimwombe tushindwe? Kinywa changu hakiwezi. Basi nasema tu, Bwana, unajua. Halafu nachukua ufagio.

Saa hizi kuku ametaga.

Nakwambia kweli. Nilisikia kelele nikaenda kutazama, nikakuta ametaga ndani ya lile beseni ninalowekea sare zinazosubiri kufuliwa, juu ya sare ya Damari ya akiba. Yai lina joto. Nimelishika mkononi nimesimama pale kama mtoto, na kitu fulani ndani yangu kikatulia kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. Kuku hajui Jumanne ni nini. Yeye ameletwa kwa ajili ya mtu, na mtu huyo asipofikiwa anaendelea kutoa tu mahali alipo.

Sitasubiri.

Nimeamua sasa hivi, nikiandika. Kesho Jumatatu nitapanda basi la kwanza la kwenda Mikumi. Nitampelekea kuku, na kanga ya Bibi na maneno yake ya ugomvi, na yai hili nitalifunga kwenye leso. Nitamkuta chekechea anafundisha. Sitamwita nje. Nitaingia watoto wakiwepo, nitamfuta jasho hata kama hana, nitamvika kanga mbele ya darasa lake lile la vitoto vyenye makamasi, na sitasema neno kuhusu alama wala nchi. Uso wangu nitauacha ufanye unavyotaka. Nikimfikia kesho, itakuwa ni kwa ajili ya ule ubeti wa pili. Nikimfikia Jumatano, itakuwa ni pongezi au rambirambi, na vyote viwili vitakuwa vya waamuzi, si vyangu.

Mwalimu Msafiri nimeshamtumia ujumbe kwamba kwenye sherehe ya Jumanne mimi sitakuwa na kitu mkononi, nitakuwa nimeshatoa. Amejibu, "Sawa mama, lakini usiwaambie wazazi wengine." Nimewaambia wote. Mama Zuhura anasema anakwenda na mimi, na mtandio mpya, na kwamba safari hii kanuni za kwaya zimjaribu.

Kama Damari atanipokea sijui. Ni mwanangu, ana moyo wa bibi yake. Huenda akaniambia asante mama, aweke kanga mezani, aendelee kuwafundisha watoto kuhesabu. Nitarudi na basi la mchana. Lakini nitakuwa nimeinuka.

Sasa nakuomba, ndugu yangu, usinisome tu ukaondoka. Niandikie. Niambie kwenu mtu akiimba vizuri mnafanyaje, na kama kuna mahali watu hukaa kimya na mwimbaji akaelewa kwamba amependwa, nifundishe wanavyofanya na nyuso zao. Niambie pia kama nimekosea kwenda kesho. Nijibu upesi, ikiwezekana leo hii. Kuku nimemfunga miguu, kikapu kiko mlangoni, na njia yote ya Mikumi nitakuwa nimeshika simu.